Fasili ya Zana: Uandishi wa Maelezo ya Programu kwa Mawakala wa Akili Unde

1. Utangulizi

Mtunga kamusi humwandikia msomaji asiyemwona. Msomaji huyo hana nafasi ya kuuliza. Alichonacho ni fasili iliyo mbele yake, na fasili ikipotoka naye hupotoka. Taaluma ya Kiswahili ina uzoefu mrefu wa kazi hii, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981 ni ushahidi mmojawapo. Sasa amezuka msomaji mwingine wa aina hiyo, naye si mtu.

2. Wakala na zana zake

Wakala wa akili unde ni programu inayotegemea modeli kubwa ya lugha, ambayo haiishii kujibu maswali bali hutenda: hutafuta kumbukumbu, hutuma ujumbe, huweka miadi. Ili kutenda hayo huzitumia programu nyingine, yaani zana. Katika utaratibu uliozoeleka, unaofuatwa pia na itifaki ya Model Context Protocol iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024, zana hutambulishwa kwa jina, kwa maelezo ya kazi yake katika lugha ya kawaida, na kwa orodha ya taarifa inazozihitaji. Aghalabu wakala haoni yaliyomo ndani ya zana; anajua yale tu yaliyoandikwa.

Mwanaprogramu akikuta maelezo yenye upungufu, humwuliza mwenzake. Wakala huweza kukisia tu, tena kwa ufasaha, na kwa hiyo kosa lake halijitangazi.

3. Saa mbili ni saa ngapi?

Ichukuliwe zana ya kliniki iitwayo weka_miadi, ambayo maelezo yake yote ni "Huweka miadi ya mgonjwa", nayo inadai taarifa iitwayo saa. Mama mjamzito anaandika kwamba atafika saa mbili asubuhi. Kwa Mswahili hapana utata: saa za mchana huhesabiwa tangu macheo na za usiku tangu machweo, hivyo saa mbili asubuhi ni 08:00 katika kompyuta. Wakala aliyeachwa akisie anaweza kuandika 02:00. Zana haitakataa, kwa kuwa 02:00 ni saa halali; lakini hiyo ni saa nane usiku. Mama akifika asubuhi ataambiwa kwamba miadi yake imekwisha kupita.

Tiba ya kosa hilo ni maneno machache: "Andika saa kati ya 00:00 na 23:59. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Saa mbili usiku ni 20:00. Mgonjwa asipotaja asubuhi au usiku, mwulize kwanza." Maelezo haya yanataja kipimo, yanatoa mfano, na yanaonyesha la kufanya penye shaka.

Jina la zana nalo ni kama kidahizo. Kitenzi azima hutumika kwa maana ya kutoa na kwa maana ya kupokea. Kwa hiyo, zana ya maktaba iitwayo azima_kitabu haimwelezi wakala iwapo kitabu kinatoka au kinaingia. Majina mpe_msomaji_kitabu na pokea_kitabu_kilichorudishwa ni marefu, lakini yanaondoa utata.

4. Mipaka, makosa na ukweli

Maelezo kamili hueleza pia ni wakati gani zana isitumike, inarudisha matokeo gani, na kama tendo lake linaweza kutenguliwa. Ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo hayo. "Kosa limetokea" haumfundishi wakala lolote, "Saa 25:10 haikubaliki, andika kati ya 00:00 na 23:59" humwezesha kujisahihisha.

Aidha, haitoshi maelezo yawe wazi. Hayana budi kuwa ya kweli. Tarehe 23 Septemba 1999 Marekani ilikipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipowasili katika sayari ya Mirihi. Maandishi ya makubaliano yalitaka takwimu za msukumo zitolewe kwa vipimo vya metriki, lakini programu moja ilizitoa kwa pauni. Maandishi yalikuwa sahihi, programu haikuyafuata. Vivyo hivyo, zana inayobadilishwa bila maelezo yake kubadilishwa humpotosha wakala kuliko zana isiyo na maelezo.

5. Hitimisho

Kazi hii imeachiwa wahandisi, ilhali kiini chake ni cha kiisimu: kutambua utata, kufasili, kutoa mfano na kuweka mipaka ya matumizi. Mhandisi asiyekijua Kiswahili hataona kwamba saa mbili ina utata wowote. Atakayeuona ni yule anayeijua lugha, na inafaa awepo maelezo yanapoandikwa, kabla mama hajafika kliniki na kukosa nafasi yake.