Somo la Leo: Safari ya Kisiwa cha Mafia

Leo tutasoma habari za Mafia, kisiwa kidogo katika Bahari ya Hindi. Wageni huenda huko kuzamia na kutazama samaki.

Ukitoka kwetu, panda basi Sumbawanga mpaka Dar es Salaam, kisha nenda Nyamisati. Hapo utapanda kivuko mpaka Kilindoni.

Sisi tumezoea Ziwa Tanganyika, pale Kasanga. Maji yake hayajai wala kupwa kila siku. Bahari si hivyo: hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji hupanda zaidi ya mita 3. Mgeni huenda mbali juu ya mchanga mkavu, akiokota makombe. Maji yakirudi, humzunguka, naye hana njia.

Basi, kabla ya kushuka pwani, waulize wavuvi: “Maji yanajaa saa ngapi?” Tena usikanyage matumbawe. Hayo ni viumbe hai, nayo yamo katika hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995.

Sasa jibuni: Bahari hujaa mara ngapi kwa siku? Mtamwuliza nani?

Kwaherini.