Tuzo za Jamii (2): Vikundi vya Wananchi na Tuzo ya Kuvumiliana

Tuzo ya UNESCO-Madanjeet Singh ya Kuvumiliana na Kukataa Vurugu ilianzishwa mwaka 1995, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kuvumiliana. Inabeba jina la mwanadiplomasia, msanii na mwandishi wa India aliyeifadhili. Hutolewa kila baada ya miaka miwili, ikihusishwa na Siku ya Kimataifa ya Kuvumiliana, Novemba 16. Huambatana na dola 100,000 za Marekani, ambazo washindi hugawana wanapokuwa zaidi ya mmoja.

Mtu hawezi kujipendekeza mwenyewe. Majina hupelekwa na serikali za nchi wanachama au mashirika yanayoshirikiana na UNESCO. Jopo la majaji wa kimataifa huyachambua, kisha Mkurugenzi Mkuu humteua mshindi. Wamo walioshinda kama watu binafsi, lakini katika Afrika Mashariki na Kati heshima hiyo imeviendea hasa vikundi.

Mwaka 1996 ilikwenda kwa Pro-Femmes Twese Hamwe, muungano wa vyama vya wanawake wa Rwanda ulioundwa mwaka 1992. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, muungano huo uliendesha Kampeni ya Amani, ambamo upatanisho ulikwenda sambamba na makazi, kipato na haki za kisheria. Suala zito lilikuwa ardhi. Kimila, shamba lilirithiwa na wanaume, hivyo mjane aliyepoteza mume na wana aliweza kuondolewa na shemeji zake kwenye ardhi aliyoilima miaka yote. Binti yatima naye hakuwa na dai kwenye shamba la baba yake. Vyama vya wanawake vilishinikiza mabadiliko, na sheria ya mwaka 1999 ikampa mtoto wa kike haki ya kurithi sawa na wa kiume. Katiba ya 2003 iliwatengea wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi. Katika uchaguzi wa 2008 walipata asilimia 56 ya viti vya Baraza la Wawakilishi, na Rwanda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwa na baraza lenye wanawake wengi kuliko wanaume.

Mwaka 2018 tuzo ilitolewa kwa mtengenezaji filamu wa Kanada, Manon Barbeau, pamoja na Coexist Initiative ya Kenya. Shirika hili hupambana na ukatili wa kijinsia, ukeketaji na ndoa za utotoni kwa kupitia wanaume na wavulana wenyewe, kwa kuwa akina baba ndio mara nyingi wenye kauli ya mwisho juu ya kuozwa kwa binti.

Mwaka 2020 ilikuwa zamu ya Centre Résolution Conflits ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kituo hicho huwatoa watoto katika makundi ya wapiganaji na kuwarejesha kwa jamaa zao. Waliokuwa wapiganaji huunganishwa na wanakijiji katika ushirika, wakifanya kazi pamoja na kugawana mapato.

Tuzo hutambua kazi iliyofanyika. Haina uwezo wa kuikamilisha. Sheria ya urithi ya Rwanda ilipatikana miaka mitatu baada ya Pro-Femmes kutunukiwa. Kongo nayo, Mei 2021, iliiweka mikoa yake ya mashariki ya Ituri na Kivu Kaskazini chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu mapigano yalikuwa bado yanaendelea.