Mwenye Kisukari Naye Anahitaji Chanjo

Pengine nyumbani kwako yuko mtu anayekwenda kliniki ya kisukari. Huenda ni mama mkwe, mume, au ni wewe mwenyewe. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania walikuwa na ugonjwa huu. Tumejifunza kumpunguzia sukari kwenye chai na kuitazama miguu yake isije ikapata kidonda. Lakini kifua chake tunakisahau.

Kwa nini kifua?

Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, hulegea. Mafua makali au homa ya mapafu ambayo jirani yake angepona nyumbani, yeye yaweza kumlaza hospitalini. Tena ugonjwa nao huipandisha sukari, na sukari ikipanda ugonjwa unazidi.

Kifua kikuu nacho humpata mwenye kisukari mara mbili hadi tatu zaidi ya mtu mwingine. Kwetu Geita, ambako wengi hupata riziki machimboni, vumbi la mawe huumiza mapafu na kukipa kifua kikuu nafasi. Mume mchimbaji mwenye kisukari yuko katika hatari mara mbili.

Chanjo zipi?

Ya kwanza ni ya Korona. Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo hiyo kwa kuchanjwa mwenyewe hadharani. Waliotangulizwa ni wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi sugu kama kisukari. Kama mgonjwa wako hakuchanjwa, au alichanjwa zamani, mwulize mhudumu wa kliniki afanye nini.

Ya pili ni ya mafua. Hii hurudiwa kila mwaka, kwa sababu virusi vya mafua hubadilika.

Ya tatu huzuia homa ya mapafu inayoletwa na bakteria aitwaye nimokoka. Watoto wetu huipata bure tangu mwaka 2013, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Kwa watu wazima, hii na ile ya mafua hazimo katika chanjo za kawaida za taifa. Kwa hiyo ulizia katika hospitali kubwa kama zipo, na bei yake, kabla ya kufunga safari.

Usikate tamaa kama fedha haitoshi. Mjukuu aliyekamilisha chanjo zake, ikiwemo ya surua, hamletei bibi yake vijidudu hivyo kwa urahisi. Kadi ya mtoto isiyo na mapengo ni kinga ya nyumba nzima.

Ile sindano ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga haimlindi mtu mzima vya kutosha. Kwa hiyo kikohozi kikifika wiki mbili, mpeleke mgonjwa apimwe makohozi. Kipimo na dawa ni bure.

Maneno ya mtaani

Tunasikia wakisema, “Chanjo itampandishia sukari.” Ni kweli kwamba baada ya sindano mkono waweza kuuma, homa kidogo ikaja, na sukari ikapanda kidogo kwa siku moja au mbili. Mpime, mpe maji ya kunywa, aendelee na dawa zake. Homa ya mapafu yenyewe huipandisha sukari zaidi, na kwa siku nyingi.

Wengine husema, “Anameza dawa za kisukari, zinatosha.” Dawa hizo hushusha sukari, haziufundishi mwili kupigana na virusi.

Akiugua ufanyeje?

Chanjo hupunguza hatari, haiiondoi yote. Mwenye kisukari akishikwa na homa au kikohozi, apimwe sukari mara nyingi zaidi na anywe maji ya kutosha. Anayejichoma insulini asiiache kwa sababu hana hamu ya kula. Aende kituoni aelekezwe kiasi. Anayemeza vidonge naye aulize mapema, hasa kama anatapika. Akihema kwa shida, akilegea sana au akianza kuchanganya maneno, msingoje kupambazuke. Mkimbizeni hospitali.

Mama mpenzi, siku ya kliniki ikifika, msindikize mgonjwa wako. Kabla hajapewa dawa na kuondoka, mwulize muuguzi: “Mgonjwa huyu anahitaji chanjo gani?” Wauguzi tuna kazi nyingi, na swali hilo tusipoulizwa twaweza kulipita. Uliza bila aibu. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa mwenye kisukari tiba huchelewa.