Mandari ya Kutwa: Istilahi za Matembezi kutoka Mjini hadi Vilimani

Miongoni mwa maandishi madogo ambayo wafasiri hukabidhiwa, na ambayo aghalabu hufanywa kwa haraka kwa kudhaniwa kuwa ni mepesi, yamo matangazo na mapatano ya safari za matembezi. Mgeni afikapo mjini hutaka kwenda kutazama vilima vilivyo karibu, apelekwe na gari asilochangia na watu asiowajua, kisha arejeshwe kabla ya usiku. Jambo hili ni la kawaida katika nchi nyingi. Linapoandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi huwa hivi: "safari binafsi ya siku moja kutoka jiji hadi milima ya jirani".

Fungu hili halina kosa la sarufi, na kila neno lililomo ni la Kiswahili. Hata hivyo, karibu kila neno linampeleka msomaji mahali ambapo mwandishi hakukusudia. Tumeona yafaa kulichambua neno kwa neno, kwa kuwa nyuma ya maneno haya yapo malipo, leseni, bima, ujira wa watu wa vijijini, na hifadhi ya mali ya taifa. Mifano yetu tumeichota katika pwani ya Kilwa na Lindi, na hasa katika safari ya kutoka mjini Lindi hadi Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji huo, yapata kilometa 60.

Jiji na mji

Katika Tanzania neno "jiji" si sifa ya ukubwa tu. Ni cheo cha kisheria katika serikali za mitaa. Arusha, Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga ni majiji. Lindi ni manispaa. Mfasiri anayeandika "kutoka jiji la Lindi" ameupandisha mji daraja bila idhini ya mtu yeyote, na mtumishi wa umma anayenakili maneno hayo katika waraka ameingiza kosa katika kumbukumbu za ofisi. Lugha za kigeni zina neno moja linaloenea miji mingi. Sisi tuna ngazi. Palipo na shaka, "mji" ndilo neno salama, maana jiji nalo ni mji.

Mlima na kilima

Kiswahili hupima umbo la ardhi kwa kiambishi. Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni mlima bila ubishi. Tendaguru ni kilima. Mwinuko wa Rondo, ulio bara ya Lindi, hauingii katika lolote la majina hayo mawili, kwa sababu juu yake pametandazika. Huo ni uwanda wa juu, na hata pale unapoinukia zaidi haufiki mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mgeni aliyeahidiwa "milima" huja na viatu vya kukwelea, kamba na nguo za baridi, kisha akalaumu. Aliyeambiwa "kilima" huja na kofia na maji ya kunywa, vitu anavyovihitaji kweli katika jua la kusini.

Vitenzi navyo vina mipaka yake. "Kupanda" kuna kazi nyingi: tunapanda mbegu, tunapanda gari, tunapanda kilima. Katika tangazo lisemalo "wageni watapanda saa 3", msomaji hajui kama ni garini au kilimani. Palipo na hatari ya kuchanganya, kitenzi "kukwea" kipo, nacho hakina utata.

Safari, ziara, utalii na mandari

"Safari" ni neno letu lililosafiri. Kwetu ni mwendo wowote wa mbali, uwe wa harusi, wa mazishi au wa biashara. Limeingia katika lugha za Ulaya likapunguzwa maana, likawa ni kwenda kutazama au kuwinda wanyama wa porini. Sasa hurudi kwetu na maana hiyo finyu. Mfasiri asikubali kulipokea likiwa limepungua. Mgeni anayeandika kwa lugha yake kwamba anakwenda "safari" atafsiriwe kuwa anakwenda mbugani kutazama wanyama, ikiwa hayo ndiyo makusudio yake.

"Ziara" ina uzito wa namna nyingine. Waziri hufanya ziara mkoani. Aidha, kwa watu wa pwani, ziara ni kwenda kuzuru makaburi ya wacha Mungu. Mwenyeji wa Kilangala akisikia kwamba wageni wanakuja kwa "ziara ya kilimani", ana haki ya kuuliza ni nani aliyezikwa huko, au ni kiongozi gani anayetarajiwa.

"Utalii" ni neno pana. Ni jina la shughuli nzima pamoja na biashara yake. Kitenzi "talii" kimetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kusoma na kuchunguza. Ni neno zuri kwa sera na takwimu, lakini ni zito mno kwa watu wanne wanaokwenda kula chakula cha mchana kivulini.

Kwa jambo hilo la mwisho tunalo neno tayari, nalo ni "mandari". Kwenda mandari ni kutoka kwenda mahali pazuri kujifurahisha, aghalabu kwa kuchukua chakula, kisha kurudi. Neno hili lina udugu na "mandhari", kwani yote mawili yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu unaohusu kutazama. Mandhari ni kile kinachotazamwa. Mandari ni kwenda kukitazama. Inashangaza kwamba wafasiri wengi huliruka wakakopa neno la kigeni au wakaunda fungu refu, ilhali kanuni ya kwanza ya kazi ya istilahi ni kutafuta nyumbani kabla ya kwenda kuomba kwa jirani.

Siku, kutwa na saa

"Siku moja" ni kipimo kisichotimia. Siku ni mchana na usiku wake. Aliyelipia siku moja anaweza kudai gari hadi alfajiri ya pili. Isitoshe, kwa hesabu ya zamani ya pwani siku huanza jua lichwapo, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwa wazee ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Ndiyo sababu ya kupendekeza "usiku wa kuamkia Ijumaa", usemi ambao haumpotezi mtu.

Neno linalofaa hapa ni "kutwa". Kila mwalimu analijua: shule ya kutwa ni ile ambayo mwanafunzi huenda asubuhi na kurudi kwao jioni, kinyume cha shule ya bweni. Jua hutwa, na kazi ya kutwa hukoma. Ni kweli kwamba katika maelezo ya dawa tunaandika "kutwa mara tatu" tukiwa na maana ya siku nzima. Lakini neno likitanguliwa na jina, kama katika "shule ya kutwa" au "mandari ya kutwa", maana ya kwenda na kurudi kabla ya giza hujitokeza yenyewe. Mvua zikichelewesha gari katika njia ya udongo, pande zote mbili za mapatano zitajua ni wapi kutwa ilipokoma na gharama ya nyongeza ilipoanzia.

Saa nazo zimewaponza wengi. Saa yetu huanza kuhesabiwa jua lichomozapo. Saa inayoandikwa 06:00 katika ratiba za kimataifa ni saa 12 asubuhi kwa Kiswahili. Mfasiri anayenakili tarakimu tu huandika "gari litaondoka saa 6 asubuhi", saa ambayo haipo katika matumizi yetu. Msomaji ataisahihisha mwenyewe kuwa saa 6 mchana, na atakapofika kituoni atakuta gari limeondoka tangu alfajiri. Tarakimu katika saa hutafsiriwa kama maneno yanavyotafsiriwa.

Binafsi, faragha na kukodi

Hapa ndipo penye hasara kubwa zaidi. Katika ofisi za umma "safari binafsi" ni kinyume cha "safari ya kikazi". Ni ile ambayo mtumishi hujigharimia mwenyewe, asilipwe posho. Hivyo afisa anayesoma fungu tulilolitaja hapo juu ataelewa kwamba habari yenyewe inahusu likizo.

"Gari binafsi" ni gari la mtu kwa matumizi yake, si la abiria kwa malipo. Tangazo likiahidi "gari binafsi" kwa wageni wanaolipa nauli, limeahidi jambo ambalo huweza kuzua swali la leseni kabla ya safari, na swali la bima baada ya ajali. Mwenye gari huenda alikuwa na vibali vyote. Kilichomtia mashakani ni kalamu ya mfasiri.

"Faragha" nayo ni hali ya kujitenga na macho ya watu, na "ya siri" ni mbaya zaidi. "Ya pekee" humaanisha isiyo na mfano. Kinachokusudiwa ni kwamba gari zima limekodiwa na kundi moja, na hakuna abiria wengine watakaochanganywa nalo. Basi tuseme hivyo: "mandari ya kukodi, kwa kundi moja tu".

Kiongozi na mwongoza wageni

"Kiongozi" ana mamlaka. Katika historia yetu neno hili limeshikamana na siasa, na hata "mwongozo" hukumbusha tamko la TANU la mwaka 1971. Kijana wa kijijini anayeonyesha njia akiitwa "kiongozi wa safari" katika mapatano, huenda akadaiwa dhamana ya usalama wa kundi zima kwa ujira wa kuonyesha njia. Aitwe "mwongoza wageni", na kazi yake itajwe.

Mjusi, kisukuku na jiwe

Anayefika Tendaguru amekuja kwa ajili ya viumbe walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler alikuta mifupa mikubwa mahali hapo. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa Wajerumani, ukiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba kwa mikono ya mamia ya wafanyakazi wenyeji. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wao mashuhuri. Wapagazi walibeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Nao ndio waliojua kwamba wakati huo Tendaguru haikuwa safari ya kutwa. Kiunzi kikubwa kilichopatikana, chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka chini hadi kichwani, kilisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, na kingali huko.

Kwa Kiswahili cha kila siku mnyama huyo huitwa "mjusi", na jina hilo limesikika hata Bungeni. Hatuna haja ya kuwapokonya watu neno lao. Lakini katika kitabu cha shule inafaa kuandika "dinosaria", kwa sababu wataalamu wanakubaliana kwamba dinosaria wana udugu wa karibu zaidi na ndege kuliko na mijusi.

Neno la hatari zaidi ni lile la mabaki yenyewe. Wataalamu husema "visukuku", yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka kuwa mawe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahifadhi mabaki ya aina hii. Hata hivyo, mgeni asiyelijua neno "kisukuku" akiona bango linalokataza kuviokota, ataokota jiwe zuri na kulitia mfukoni kwa moyo mweupe. Katika bango istilahi pekee haitoshi. Iandikwe "usiokote jiwe wala mfupa". Istilahi ni ya kitabu na sheria, ufafanuzi ni wa njiani, na mwandishi mwema hujua msomaji wake amesimama wapi.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza matumizi yafuatayo:

Mandari ya kutwa: matembezi ya kujifurahisha ya kwenda na kurudi kabla ya jua kutwa.
Mandari ya kukodi: mandari ambayo gari zima limekodiwa na kundi moja.
Safari binafsi: safari isiyo ya kikazi ambayo mtumishi hujigharimia.
Mwongoza wageni: mtu anayeonyesha njia na kueleza mambo ya mahali.
Uwanda wa juu: ardhi iliyoinuka na kutandazika juu yake.
Kisukuku: mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka kuwa jiwe.

Fungu tulilolianza, likitumiwa kwa safari ya Tendaguru, lingeweza kuandikwa hivi: "Mandari ya kutwa kutoka mjini Lindi hadi kilima cha Tendaguru, kwa kundi moja tu. Gari la kukodi litaondoka saa 12 asubuhi na kurejea kabla ya jua kutwa. Ujira wa mwongoza wageni umo katika malipo. Usiokote jiwe wala mfupa." Maneno yameongezeka kidogo, lakini hakuna hata moja litakalohitaji kufasiriwa tena mbele ya hakimu.

Tunawaomba wasomaji, na hasa walimu walioko vijijini katika wilaya za Kilwa na Lindi, watuletee majina yanayotumiwa na wenyeji kwa miinuko, mabonde, vijito na njia za miguu za huko. Mengi ya maneno tunayoyatafuta mezani yamo midomoni mwa watu wanaopita njia hizo kila siku.