Je, Mashine za Ozoni Husafisha Hewa ya Ndani?

Ipogolo ipo chini ya kilima ulipo mji wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma. Moshi wa malori na vumbi huingia majumbani. Mwezi Juni na Julai baridi inapokaza, madirisha hufungwa na jiko la mkaa huingizwa ndani. Katika hali hiyo ni rahisi kuvutiwa na tangazo la mashine inayosafisha hewa kwa ozoni. Kabla ya kuinunua, tujiulize: Inafanya kazi? Ni salama?

Ozoni ni nini?
Molekuli ya oksijeni tunayovuta ina atomu 2 (O₂). Ya ozoni ina atomu 3 (O₃). Atomu ya tatu hujitenga kwa urahisi na kuungana na kitu kingine. Kwa sababu hiyo ozoni huharibu vijidudu na kemikali zenye harufu. Mashine nyingi huitengeneza kwa kupitisha hewa kwenye umeme wa volti kubwa.

Zingatia: Tabaka la ozoni, lililo takribani kilomita 15 hadi 35 juu yetu, hutukinga na mionzi ya jua. Gesi hiyohiyo tukiivuta hutudhuru.

Usalama
Ozoni haichagui kati ya kijidudu na pafu. Husababisha kikohozi, koo kuwasha na kifua kubana, na huzidisha pumu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 100 kwa mita moja ya ujazo, kwa wastani wa saa 8. Jimbo la California, Marekani, limeweka kikomo cha sehemu 0.05 kwa milioni kwa vifaa vya kusafishia hewa ya ndani.

Ufanisi
Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani unaeleza kuwa, ili kuua vijidudu hewani ipasavyo, ozoni ingelazimika kuwa mara 5 hadi 10 ya kiwango kinachoruhusiwa kiafya. Kwa maneno mengine, ozoni isiyomdhuru mtu haisafishi hewa, na inayosafisha humdhuru mtu.

Isitoshe, ozoni haiondoi vumbi wala masizi. Haiondoi pia kaboni monoksidi ya jiko la mkaa, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Ikikutana na sabuni zenye manukato ya limau, huweza kuzalisha formaldehaidi, ambayo nayo ni sumu.

Ozoni ina matumizi yake halali: kutibu maji, na kuondoa harufu katika chumba kisicho na mtu, ambacho hupitishiwa hewa kabla ya kutumika tena.

Tufanye nini?
Jiko la mkaa libaki nje, hata usiku wa baridi. Fungua madirisha barabara inapotulia. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Anayetaka mashine achague yenye kichujio, isiyozalisha ozoni.

Maswali ya marudio
1. Tofautisha molekuli ya oksijeni na ya ozoni.
2. "Ozoni ni rafiki angani, adui chumbani." Jadili.
3. Familia imelala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa, mashine ya ozoni inafanya kazi. Eleza hatari mbili zinazoikabili.

Dokezo la swali la 3: Taja kaboni monoksidi isiyoondolewa, na ozoni yenyewe inayojikusanya chumbani.