Reli, Chupa ya Chai na Kura

Dola inayoinukia haiingii katika nchi changa kwa mlango mmoja, wala si rahisi kubaini biashara yake inakoma wapi na siasa yake inaanzia wapi. Na katika kulidhihirisha hilo sijaona mfano bora kuliko reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ambayo Benki ya Dunia ilikataa kuigharimia, na Uchina, ingawa yenyewe ilikuwa fukara siku zile, ikaridhia mwaka 1967 kuijenga kwa mkopo usio na riba.

Wengi wamesahau jinsi ujira wa vibarua ulivyopatikana, nami naona hapo ndipo ilipo siri ya muamala wote. Mafundi na mitambo vilitoka Uchina, lakini kibarua wa Tanzania hulipwa kwa shilingi, na shilingi Wachina hawakuwa nazo. Ikaafikiwa basi kwamba walete bidhaa zao, ziuzwe madukani Tanzania na Zambia, na fedha zake zigharimie kazi. Hivyo mama aliyenunua chupa ya chai yenye maua mekundu ubavuni, au bakuli la bati jeupe lenye ukingo wa buluu, alikuwa, pasi na kujua, akimlipa mwanawe aliyekuwa akitoboa milima baina ya Mlimba na Makambako. Na kazi ilipokwisha, jiko lake lilikwishazoea vyombo vya Uchina.

Siasa nayo haikuwa mbali. Oktoba 25, 1971, Umoja wa Mataifa ulipoirudishia Beijing kiti chake, Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioipigania. Na mwaka 1981 Uchina ikamzuia Kurt Waldheim, aliyetaka tena ukatibu mkuu wa Umoja huo, kwa kura ya turufu mara 16, ikimtaka Salim Ahmed Salim wa Tanzania.

Mkopo wa Uchina kwa reli ya Kenya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ni wa sura nyingine: wa benki, wenye riba, na unaohitaji shehena ili ulipike. Ndiyo sababu mwaka 2019 ilitoka amri kwamba makontena yapelekwe bara kwa reli hiyo, na wenye malori, madereva na mawakala wa forodha wa Mombasa, walioona riziki yao ikipakiwa mabehewani, wakaingia barabarani kuandamana. Mwaka 2022 serikali mpya iliurudishia mji kazi yake ya forodha. Uamuzi huo haukulirudisha deni nyuma hata senti.