Makaburi ya Ng'ambo ya Ziwa

Katika nchi ya Marekani, upande wa mashariki, iko milima iitwayo Appalachia, nayo imefunikwa na msitu tangu chini hata kileleni. Ndani ya milima hiyo, katika jimbo la North Carolina, imo wilaya ndogo ya Swain, iliyoanzishwa mwaka 1871. Watu wake walipohesabiwa mwaka 2020 walikuwa 14,117 tu.

Wenyeji wa kwanza ni Wacherokee. Karibu na mji wa Bryson City pana mahali paitwapo Kituwah, nao husema kwamba ndipo chimbuko la kabila lao. Mwaka 1838 askari wa serikali waliwafukuza wengi wao kwenda mbali magharibi, na maelfu wakafa. Wachache walibaki milimani. Wajukuu wao walikinunua tena kiwanja cha Kituwah mwaka 1996.

Wazungu waliofuata walijenga nyumba za magogo kando ya vijito, wakalima mahindi na kufuga nguruwe. Kila bonde lilikuwa na kanisa lake na makaburi yake. Mara moja kila mwaka jamaa walikusanyika makaburini, wakapalilia majani, wakaweka maua, kisha wakala pamoja chakula walichokuja nacho vikapuni. Desturi hiyo waliiita Siku ya Kupamba.

Ndipo vilipokuja Vita Vikuu vya Pili. Serikali ilitaka umeme mwingi wa kufulia alumini, yaani madini mepesi ya kuundia eropleni. Mwaka 1942 ilianza kujenga ukuta wa saruji wa kuzuia mto Little Tennessee, mahali paitwapo Fontana. Mafundi walifanya kazi usiku na mchana, na mwaka 1944 ukuta ulikuwa umesimama, kimo chake futi 480. Maji yakarudi nyuma, yakajaza bonde. Vijiji vikazama, na barabara ikazama navyo.

Watu wa ukingo wa kaskazini walihamishwa, hata wale ambao mashamba yao hayakufikiwa na maji, maana njia yao ilikuwa imekatika. Nchi yao ikatiwa katika hifadhi ya taifa. Wafu wao walibaki huko.

Mwaka 1943 serikali ilikuwa imeandika mkataba kwamba vita vikiisha, na fedha zikipatikana, itajenga barabara mpya. Yaangalie sana maneno hayo, "fedha zikipatikana", ndiyo yaliyowaponza. Miaka ya 1960 kazi ilianza, hata mlima ukatobolewa tundu la kupitia magari. Lakini baada ya maili chache kazi ikasimama: gharama ilikuwa kubwa, tena mwamba uliovunjwa ulitoa asidi ya kudhuru vijito. Watu wakaiita kwa kejeli Barabara Isiyofika Kokote, na hata leo yaishia msituni.

Mwaka 2010 serikali ilikubali kulipa dola milioni 52 badala ya barabara, na malipo yakatimia mwaka 2018. Wilaya ilipata fedha; lakini mzee aliyetaka kufika penye kaburi la mama yake, fedha hizo hazikumpa njia.

Kwa hiyo jamaa huvushwa ziwa kwa mashua za hifadhi. Wakifika ng'ambo hupanda mlima na maua yao na vikapu vyao, wazee wakishikwa mkono. Hupalilia, huimba, hula pamoja, kisha hushuka upesi wapate kuiwahi mashua ya kurudi.